UMEOMBEA SAFARI. MAJI UMEBEBA?



Likizo ya Agosti inakaribia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, familia tatu zilinijia kwa wakati tofauti na ombi moja: "Pasta, tuombee, tunaenda Ziwa Turkana na watoto." Wameona picha kwenye simu, wameona barabara ya lami inayokata nyika, na watoto wamesema mwaka huu hawataki kwenda kwa shosho peke yake.

Nilifurahi. Mzazi anayechukua wiki yake ya mapumziko akawaonyesha watoto kazi ya mikono ya Mungu ni mzazi mwenye hekima. Lakini kabla ya kuwaombea, niliwauliza wote swali moja: "Mtabeba maji kiasi gani?"

Wa kwanza alicheka. Wa pili akaniambia, "Tutanunua njiani, Pasta." Wa tatu akaniangalia kana kwamba upako umenitoka.

Niliwaombea wote. Lakini nilikwenda nyumbani nikiwa na mzigo moyoni, na leo nautua hapa. Maoni yangu ni haya, na najua si wote watayapenda: wengi wetu tuliookoka tunatumia maombi kufunika uzembe. Na safari ya kaskazini, ukiwa na watoto nyuma ya gari, ni mahali ambapo uzembe hauwezi kujificha.

KWANZA NITUBU MWENYEWE

Ninachoandika sikukisoma chuo cha Biblia. Nilikisoma barabarani, miaka sita iliyopita. Mama Mchungaji ameniruhusu niseme.

Tulikuwa watano: mimi, yeye, na watoto wetu watatu, mdogo akiwa na miaka minne. Tulitoka Marsabit asubuhi tukapita Kargi, tukielekea Loiyangalani. Usiku uliotangulia, mke wangu aliniuliza kama maji yanatosha. Tulikuwa na chupa chache tu za dukani. Aliniuliza pia juu ya gurudumu la akiba, maana lilikuwa moja na limezeeka.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, hiyo ni roho ya hofu. Ikatae. Yule aliyetoa maji mwambani bado yuko kwenye kiti cha enzi."

Akanyamaza. Wanawake wengi wa wachungaji wamejifunza kunyamaza hivyo.

Mwendo wa saa moja na zaidi kupita Kargi, pancha ya kwanza. Nikabadilisha, nikaimba. Muda si mrefu, pancha ya pili. Gurudumu la akiba lilikuwa tayari chini ya gari. Simu haina mtandao. Jua la kule si la Thika, mpendwa. Ni jua linalokupiga kutoka juu na mawe yanakurudishia kutoka chini. Saa tisa chupa ya mwisho iliisha. Saa kumi yule mdogo akaanza kutapika.

Niliomba. Nilikemea. Nilizunguka gari nikinena kwa lugha. Mke wangu alikaa chini ya kivuli cha gari akimpepea mtoto na kitabu changu cha mahubiri.

Kabla jua halijatua, mzee mmoja Mrendille alitokea na ngamia na kijana wake. Alikuwa na mtungi mdogo wa manjano, maji yake ya siku ile na ya kesho yake. Hakuniuliza kanisa langu. Alimwendea mtoto, akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko, akamzuia asinywe kwa pupa. Kisha akamtuma kijana wake atembee usiku kutafuta gari. Sisi tulilala pale naye. Asubuhi lori likaja likatuokoa.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kwa Kiswahili chake kidogo: "Kwa nini umeleta watoto bila maji?"

Nina stashahada ya theolojia, na sikuwa na jibu.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu aliniambia neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Maji ndiyo yaliyopungua. Wewe ukaniambia ni imani yangu iliyopungua."

Nilimwomba msamaha. Na kama wewe ni mume, umewahi kumnyamazisha mkeo kwa kutumia jina la Bwana, wakati yeye alikuwa anauliza swali la akili tu, usingoje upancike jangwani. Mwombe msamaha leo.

ZABURI TUNAYOIPENDA

Kila safari tunasoma Zaburi 91. Ni zaburi yangu pia. Lakini fungua Mathayo 4, mstari wa 5 hadi wa 7. Shetani alipompeleka Yesu kwenye kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, alitumia andiko gani? Ilikuwa hiyo hiyo Zaburi 91! Ahadi ni ya kweli, neno ni la Mungu, lakini lilitumiwa kumshawishi mtu afanye jambo lisilo na sababu, kisha Mungu alazimike kumdaka. Yesu alikataa. Hakukataa kwa sababu alikosa imani. Alikataa kwa sababu huko ni kumjaribu Baba.

Kuingia Chalbi na watoto na chupa nne za maji ni kujitupa kutoka kinarani. Mimi nilijitupa, na Mungu kwa rehema zake alinidaka kwa mkono wa mzee mwenye ngamia. Lakini sitaki kufundisha kanisa lijitupe.

Mtu ataniambia, "Pasta, mbona Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani? Alifunga na kuomba tu." Vizuri. Soma Ezra 8 yote, usisome mistari mitatu. Kabla ya kufunga, Ezra alikaa siku tatu karibu na mto Ahava akikagua watu wake. Akagundua Walawi hawapo, akatuma watu wakawatafute. Hata baada ya kufunga, fedha na dhahabu alizipima na kuwakabidhi watu kwa uzani. Maombi yake ya safari, ambayo yanataja hata watoto wadogo, yaliombwa na mtu aliyekwisha kukagua msafara. Naye Nehemia, katika sura ya 2, aliomba barua za kupita na akasafiri na maafisa wa jeshi na wapanda farasi. Wote wawili ni watu wa Mungu. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kiholela.

MUSA ALIKUWA NA WINGU, NA BADO ALIMTAKA HOBABU

Hili ndilo andiko lililonibadilisha. Hesabu 10, kuanzia mstari wa 29. Israeli wanaondoka Sinai. Wana wingu mchana na moto usiku. Hakuna aliyewahi kuongozwa vizuri kuliko hao. Lakini Musa anamgeukia Hobabu, shemeji yake Mmidiani, mtu wa jangwa, anamsihi asiwaache, kwa kuwa yeye anajua namna ya kupiga kambi nyikani, awe kwao kama macho.

Wingu liliwaonyesha wapi pa kwenda. Hobabu alijua kuni ziko wapi na maji yamejificha wapi. Musa hakuona aibu kuhitaji vyote viwili.

Kwa hiyo ninakuuliza, mpendwa: Hobabu wako ni nani?

Ramani ya simu si Hobabu. Ramani haijui kwamba mvua ya wiki jana imekata njia. Hobabu ni dereva wa lori pale Marsabit, ni mwenye kituo cha mafuta, ni polisi wa kizuizini, ni mchungaji mwenzetu wa Laisamis. Fika mapema, nunua chai, keti, uliza: Njia iko vipi leo? Kuna usalama? Nani amepita jana? Ikiwezekana, mchukue kijana wa huko kama kiongozi, umlipe haki yake bila kumpunja.

Na hapa niseme na kanisa. Watu wa kaskazini wakisafiri kuja Nairobi, husema "naenda Kenya." Tunacheka, lakini si kichekesho, ni kidonda cha miaka mingi ya kusahauliwa. Sisi tukienda kwao, tunaenda kama watu wanaobeba kila kitu: tunabeba injili, tunabeba nguo kuukuu, tunabeba kamera. Ile safari yangu nilikuwa na trakti boksi zima na maji sina. Aliyetimiza Mathayo 25:35 siku ile hakuwa mimi. Nenda kwa unyenyekevu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Nunua kwao. Salimia.

HESABU GHARAMA

Luka 14:28, Yesu anasema mjenzi huketi kwanza akahesabu. Basi keti na mkeo na watoto wakubwa, mhesabu hivi.

Umbali. Nairobi hadi Isiolo ni takriban kilomita 270, na Isiolo hadi Marsabit ni kama 260 nyingine. Yote ni lami, nayo inaendelea mpaka Moyale. Lami hiyo ndiyo inayotudanganya. Tunadhani kaskazini yote sasa ni Thika Road. Ukiiacha lami pale Laisamis kuelekea ziwani, una kilomita kama 200 za changarawe mpaka kwenye mitambo ya upepo. Barabara hiyo ilitengenezwa ili kupitisha mitambo hiyo 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Njia ya Kargi ni mchanga na mawe. Ukielekea Maikona na Kalacha unaingia Chalbi, ambayo ikikauka ni sakafu nyeupe, na ikinyeshewa ni tope linalomeza lori.

Muda. Usijaze kilomita 500 kwa siku moja ukiwa na watoto. Mwanzo 33:13-14, Esau anamwambia Yakobo waandamane. Yakobo anakataa kwa upole: watoto ni wachanga, kondoo wananyonyesha, wakikimbizwa hata siku moja watakufa, yeye atakwenda polepole kwa mwendo wa watoto. Huyo ni baba! Lala Isiolo au Nanyuki. Siku ya pili fika Marsabit, uwaonyeshe watoto ule msitu ulio juu ya mlima katikati ya ukame, mahali alipoishi ndovu Ahmed, ambaye mwaka 1970 Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri ya rais. Siku ya tatu ndipo uende ziwani. Simama kila baada ya saa mbili.

Maji. Hesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Watu watano kwa siku tatu ni lita 75. Hiyo ni mitungi minne ya lita 20, na kinachobaki ni cha rejeta. Igawe, usiweke yote kwenye chombo kimoja kinachoweza kupasuka. Na usitegemee ziwa lenyewe. Maji yake ni ya magadi. Mwaka 1888 msafara wa Count Teleki ulifika pale ukiwa na kiu kali, watu wakakimbilia yale maji mazuri ya kijani, wakaonja, wakakuta si matamu. Na ndani kuna mamba. Usiruhusu mtoto aoge mahali ambapo wenyeji hawaogi.

Mafuta na magurudumu. Jaza tangi Isiolo, jaza tena Marsabit hata kama bado lina nusu. Beba magurudumu mawili ya akiba yaliyo mazima, jeki, pampu, koleo, na kamba ya kuvuta. Gari la chini liache nyumbani. Wale wanawali watano wapumbavu hawakukosa taa, mpendwa. Walikosa mafuta ya ziada.

Usiku. Saa kumi na mbili jioni uwe umefika. Ngamia hulala na kuvuka barabarani usiku, na ukimgonga, mwili wake hauendi chini ya gari, unakuja kwenye kioo. Tena kuna sehemu ambazo usalama hubadilika wiki hadi wiki, kama njia ya Maralal kupita Baragoi. Ukiambiwa na wenyeji "leo usipite," usipite. Hujashindwa kiimani. Umemsikia Hobabu.

Mito ya msimu. Wenyewe wanaiita laga. Ni mchanga mkavu, kisha maji yanakuja ghafla kutoka kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, wewe ulipo mbingu ni safi. Usipige kambi ndani ya laga, hata kama kivuli ni kizuri. Na usivuke maji yanayokwenda. Tunakumbuka Desemba 2021, mto Enziu kule Mwingi: basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji, zaidi ya watu 30 wakapotea. Walikuwa watu wa Mungu, waimbaji. Siwahukumu hata kidogo, nalia nao. Ninasema tu kwamba maji hayaulizi nani ameokoka.

Gari likikwama. Usiliache. Gari ni kivuli na ni alama. Mtu anayetembea jangwani haonekani. Ndiyo maana kabla ya kuondoka, mwachie mtu ratiba yako: njia, tarehe, na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu.

Watoto. Beba dawa ya maji na chumvi, kofia, na dawa zao za kawaida. Wahesabu kila mnaposimama. Usicheke. Luka 2, Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara. Kama waliokabidhiwa Mwana wa Mungu walidhani, wewe nawe unaweza kudhani.

KWA NINI BASI TUENDE?

Mtu atasema, "Pasta, umetutisha, afadhali tubaki nyumbani."

Hapana. Nendeni! Mungu aliwafundisha watu wake mambo jangwani ambayo Misri haikuweza kuwafundisha. Kumbukumbu la Torati 8 inaeleza: aliwapitisha mahali pa kiu ili wajue wanaishi kwa nini. Mtoto aliyezoea kufungua bomba akiona kina mama wakishuka ndani ya kisima kirefu, wakipokezana ndoo ili ng'ombe wanywe, hatamwaga maji tena bila kufikiri. Mtoto anayeombea chakula kwa mazoea, siku moja akipewa kikombe kimoja cha maji ashiriki na nduguye, ataelewa "Amina" ni kitu gani. Na usiku, hakuna taa, hakuna televisheni, nyota zimejaa mpaka unakosa pa kuangalia. Mwambie hapo habari za Ibrahimu aliyeambiwa azihesabu.

Sisi tulirudi tena miaka miwili baadaye, familia nzima. Safari hii mke wangu ndiye aliyeandika orodha, mimi nikabeba alichoniambia nibebe. Tulikuwa na mitungi sita. Tulipita Kargi tukauliza habari za yule mzee. Tukaambiwa amehama na mifugo kufuata malisho. Tulimwachia sukari na majani ya chai kwa jamaa zake. Yule mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alisimamisha gari mahali fulani akasisitiza tumpe maji kijana mchungaji tuliyemkuta njiani. Hakuna aliyemfundisha. Alikumbuka kiu.

Mpendwa, Hajiri alipoishiwa na maji nyikani, Mwanzo 21, Mungu alimsikia kijana akilia, akamfumbua mama macho akaona kisima. Mungu huyo bado yupo. Mimi ni shahidi. Lakini soma mstari wa 14: aliyewatuma jangwani na kiriba kimoja alikuwa baba wa mtoto. Baba, usiwe wewe unayemwacha Mungu amalizie hesabu uliyokataa kufanya.

Omba kama mtu asiye na mtungi hata mmoja. Pakia kama mtu anayejua watoto ni wa Mungu na wewe umekabidhiwa tu.

Tuombe: Baba, katika jina la Yesu, wabariki wote wanaosafiri likizo hii. Wape wazazi akili ya kuhesabu na unyenyekevu wa kuuliza. Wape waume masikio ya kuwasikiliza wake zao. Walinde watoto. Wabariki ndugu zetu wa kaskazini, uwape mvua kwa wakati wake, na utusamehe tulivyowasahau. Amina.

Kama unasafiri na familia mwezi huu, andika hapa chini siku na njia, tukuombee kwa jina. Na uandike pia idadi ya mitungi. Nitauliza.

Mchungaji wako, ninakupenda katika Bwana.